Oda ya Zoraida

Kila mwezi, Mirelys akipata mshahara, humnunulia mama yake chakula kwa simu. Yeye yuko Hialeah, Miami. Mama, bibi Zoraida, yuko Camagüey, Kuba. Mtaani kwake Wakuba wote hufanya hivyo: unabonyeza kuku, mchele, mafuta, maziwa ya unga, unalipia huku, gari linashusha kule. Kisha dereva anakutumia picha ya mpokeaji na kitambulisho, roho yako itulie.

Kwenye picha alikuwa anatokea Osmel, mdogo wake Mirelys wa kiume, ameshika kitambulisho cha mama. Mama, alisema, hatoki kitandani tangu apate kiharusi, na ulimi umekuwa mzito. Mirelys akiomba kumwona kwa video, umeme umekatika. Na Kuba ukisema umeme umekatika, nani atakubishia? Mtu mzima, akili zake timamu, akaamini miezi yote hiyo. Ukipenda, chongo huita kengeza.

Mwezi huu akasema basi. Hamu ya kuuona uso wa mama ilimzidi. Akaandika kwenye oda: akabidhiwe Zoraida mwenyewe, hata kama ni kitandani, na apigwe picha yeye.

Dereva alimpigia akiwa kazini, anakunja mashuka ya hoteli.

"Dada, niko mlangoni. Una hakika na jina?"

"Zoraida Agüero. Mama yangu huyo. Ingia tu, yuko chumbani."

"Dada yangu, nisamehe. Jirani hapa anasema huyo bibi walishamzika. Kabla ya Krismasi."

Shuka likamtoka mikononi. Akakaa sakafuni mbele ya wenzake. Wazo la kwanza lililomjia ni: kuku wote wale kala nani? Akashtuka upya, mara hii kwa ubaya wa roho yake mwenyewe.

"Mpe simu Osmel."

"Dada," sauti ya Osmel ikasema.

"Ni kweli?"

"Kweli."

"Na ukanificha."

"Usingeweza kuja, karatasi zako za uhamiaji bado. Ungelia peke yako huko. Halafu..."

"Halafu nini? Sema."

"Halafu wanangu wangekula nini? Nilijua kwa mama utatuma. Kwangu mimi sikuwa na hakika."

Hata Mirelys mwenyewe hakuwa na hakika.

"Nani alimfumba macho?"

"Mimi."

"Alinitaja?"

"Alikuwa akimwita mke wangu kwa jina lako. Hatukumkatalia. Akafa ameushika mkono wake."

Hapo Mirelys akalia kwa sauti, bila kujali nani anamtazama. Alipoiweka tena simu sikioni, ilikuwa kwa dereva.

"Pole sana, dada. Lakini kuku wanayeyuka barafu. Nishushe au nirudishe?"

"Shusha," akasema Mirelys. "Na jina badilisha. Andika Osmel."