Jezi ya Mgeni

Dereva wa klabu alikuwa na utaratibu wa kumleta mchezaji mpya na kumwondoa wa zamani kwa safari moja, kwa sababu uwanja wa ndege ulikuwa mbali na gari lilikunywa mafuta. Kwa hiyo Mlingoti alipofika kwenye nyumba aliyopangiwa, chumba kimoja na jiko katika ghorofa ya tatu, alimkuta mtu mwingine mrefu amesimama mlangoni na mabegi mawili miguuni. Walishikana mikono. Yule mtu akamkabidhi funguo.

"Maji ya moto yako kwenye bomba la bluu," alimwambia. "Walikosea kufunga. Na mlango wa choo uinue kidogo ndipo usukume."

"Kitanda je?"

"Kifupi. Weka kiti mwishoni, miguu itapata pa kulala."

Mlingoti alimtazama anavyoegemea ukuta. "Goti?"

"Kifundo cha mguu. Daktari alisema wiki mbili. Wakaona ni nyingi."

Dereva akapiga honi. Yule mtu akashuka akishikilia ukuta, na Mlingoti akaingia ndani kutafuta kiti.

Mlingoti ni jina alilopewa shuleni, mwaka aliorefuka kuliko mwalimu mkuu, na hakuna aliyemwita vingine isipokuwa mama yake. Hapa angeitwa Mgeni, kama wote waliomtangulia. Alikuwa mchezaji mzuri wa mpira wa kikapu, ila si mzuri mno. Wa aina inayopigiwa simu pale waliotakiwa hasa wanapokataa. Alijua kukaba, kupigania mpira unaorudi kutoka kwenye ubao, na kuwahi mazoezini. Kutupa kutoka mbali hakukuwa fungu lake, na mkono wake wa kushoto ulimfaa zaidi kubebea begi. Alikuwa amechezea klabu nyingi katika nchi nyingi na hakuwahi kumaliza msimu hata mmoja. Baadhi zilimwacha kwa sababu aliumia. Moja ilimwacha kwa sababu kocha aliyemwita aliachwa kwanza. Nyingine ilivunjika yenyewe katikati ya ligi, wachezaji wakiwa kwenye basi.

Sasa alikuwa anakaribia kustaafu, na jambo alilolitaka lilikuwa moja tu: kumaliza msimu. Popote, na timu yoyote. Alitaka kuuona mwisho wa kazi aliyoianza.

Mama yake alilitaka hilo zaidi yake, naye hakuficha.

"Mwaka huu unamaliza, au unarudishwa tena?" aliuliza kwenye simu.

"Namaliza, mama."

"Nauliza kwa sababu jirani ananiuliza. Nchi nimeacha kumtajia. Nikitaja moja, nikigeuka umeshahama. Nimemwambia wewe ni baharia."

"Mama, mimi si baharia."

"Basi tulia mahali, baba, nipate la kusema."

Ligi ya nchi ile iliruhusu kila timu mgeni mmoja, na katika klabu hii mgeni alivaa namba kumi na tano, kwa kuwa ndiyo jezi pekee iliyomtosha mtu wa kimo hicho. Ilinunuliwa klabu ilipoanzishwa. Mtunza vifaa, mwanamke wa makamo aliyeitwa Mama Jezi hata na kocha, alikuwa na cherehani katika chumba kilichokuwa chini ya viti vya watazamaji, kati ya mashine mbili za kufulia. Kila mgeni alipokuja, alishona jina lake mgongoni juu ya jina la mgeni aliyeondoka. Hakuwahi kufumua.

"Nikifumua kitambaa kinachanika," alimweleza Mlingoti akimpima mabega. "Na mnavyopishana, mwanangu, ningeshinda nafumua tu. Geuka."

Mlingoti aliivaa. Mgongoni ilikuwa nene kama mto wa kiti. Aliuliza kama kuna nyepesi zaidi, akaambiwa kuna ya saizi ya watoto.

Katika mchezo wa kwanza, robo ya pili, Mlingoti alipokea mpira mbali na kikapu, mahali ambapo kwa kawaida alimpasia mtu mwingine. Mkono wa kushoto ukanyanyuka na kutupa. Mpira ukaingia. Aliutazama mkono: haukuwa wake. Ulikuwa mweupe kidogo kuliko wa kwake, una kovu kwenye kiganja, na ulitokea pale pale ambapo wa kwake ungetokea. Kisha akarudi mbio kukaba, maana wapinzani walikuwa wameshaanzisha mpira.

"Mzee, hukutuambia unatupa kwa kushoto," alisema mwenzake anayecheza nafasi ya mlinzi, kijana mwenye maneno mengi, walipokuwa wanavua viatu.

"Situpi."

"Sawa. Basi usitupe hivyo hivyo na Jumamosi."

Mlingoti alikwenda kumrudishia Mama Jezi jezi, akamuuliza habari za mtu mwenye kovu kiganjani.

"Huyo ni wa tatu kutoka chini," Mama Jezi alisema, akiigusa jezi kwa kidole kama mtu anayepima unga. "Msemaji, hanyamazi. Mkewe alijifungua, akaomba ruhusa aende akamwone mtoto. Aliporudi akakuta nimeshamshonea mtu juu yake. Nilijisikia vibaya, lakini ndiyo kazi."

"Na huyu anayeruka?" Mlingoti aliuliza, kwa sababu katika robo ya nne alikuwa ameruka juu kuliko alivyowahi kuruka hata akiwa na miaka ishirini.

"Wa chini yako moja kwa moja. Yule wa kifundo."

Msimu ukaendelea. Timu ilianza kushinda. Mlingoti alizoea mikono na mapaja ya watu wengine kama mtu anavyozoea chumba cha kupanga: hiki kinafunguka hivi, kile kinataka kuinuliwa kidogo. Kocha naye alizoea, akaanza kupanga mbinu kwa kusema, "Hapa namtaka wa tatu," na Mlingoti aliitikia kwa kichwa. Watazamaji walishangilia bila kuuliza. Walikuwa wamelipa kiingilio waone vikapu, na vikapu walikuwa wanaviona.

Kisha, ikiwa imebaki michezo michache kabla ya fainali, Mlingoti alitua vibaya mazoezini na goti likavimba.

Meneja wa klabu alikuwa mtu wa adabu. Hakuwahi kumwachisha mtu kazi kabla ya kumuuliza habari za familia yake. Alimfuata Mlingoti kwenye kitanda cha matibabu, akavuta kiti, akakaa.

"Mama hajambo huko nyumbani?"

"Hajambo," alisema Mlingoti, akafahamu kwamba gari limeshakwenda uwanja wa ndege.

Mgeni mpya aliletwa mchana. Alikuwa mrefu, mpole, na alikaa kwenye benchi la korido nje ya chumba cha Mama Jezi, begi mapajani. Kanuni ya ligi ilitaka apigwe picha akiwa amevaa jezi yenye jina lake kabla dirisha la usajili halijafungwa, saa kumi na moja jioni ile ile. Mlingoti alichechemea hadi pale akakaa kando yake. Hawakuwa na ugomvi wowote. Kutoka ndani ilisikika sindano ikikatika.

"Vipi huko?" meneja aliuliza akiwa mlangoni.

"Herufi tatu," alijibu Mama Jezi. "Halafu imekatika."

"Weka nyingine."

"Hii ilikuwa nyingine. Zote nimemaliza, meneja. Mgongo huu sasa ni kama soli ya kiatu."

"Basi fumua majina ya chini."

"Nikifumua ya chini, ya juu yanakuja yote, na kinachobaki ni chandarua. Utampiga picha ndani ya chandarua?"

"Tumia jezi nyingine."

"Ya saizi hii ni moja. Wewe ndiye uliyesema moja inatosha, kwa vile mgeni ni mmoja."

Meneja alisimama akifikiri. Alipiga simu kwa muuza sindano, akaambiwa sindano nene za kushonea ngozi zitafika kesho. Saa kumi na moja ilipita wakiwa wote wanne wanaitazama cherehani.

"Nimeacha timu nyumbani kuja huku," mgeni mpya alimwambia Mlingoti.

"Najua."

"Si kosa lako."

"Najua. Kunywa maji, safari ni ndefu."

Dereva alimrudisha jioni ile, akilalamika kwamba huko ni kuchezea gari. Mlingoti akabaki kwa kuwa hakukuwa na mwingine. Alicheza michezo iliyosalia kwa goti la mtu wa pili kutoka chini, ambaye aliachwa kwa sababu ya bega na magoti yake yalikuwa salama kabisa.

Fainali ilichezwa Jumapili mchana, ukumbi umejaa mpaka kwenye vijia. Wapinzani walikuwa mabingwa watetezi, nao walikuwa wameisoma namba kumi na tano vizuri. Walimkaba watu wawili wawili. Wakaushika mkono wa kushoto, wakaufunga mguu wa kuruka, na kufikia robo ya tatu walikuwa mbele kwa pointi tisa. Ndipo wa tatu kutoka chini, mwenye kovu, alipochoka kuchangia mkono tu. Akatoka kwenye jezi mzima mzima, akauomba mpira kwa sauti, akatupa. Akafuata wa kifundo. Wakafuata wengine kwa mpangilio waliokuwa wameshonwa, wakisalimiana, maana hawakuwahi kuonana isipokuwa mlangoni pa ile nyumba. Wa mwisho kuja lilikuwa bega moja. Lilikuwa la yule mgeni wa herufi tatu, na liliweka kizuizi kizuri sana mbele ya mlinzi wa wapinzani.

Kocha wa wapinzani alimwendea mwamuzi.

"Refa, hesabu wale watu."

Mwamuzi alihesabu. "Jezi tano," akasema.

"Mimi nimesema watu."

"Kanuni inasema jezi. Rudi kwenye benchi lako, kocha."

Mchezo ukaendelea. Wale watu walicheza kama watu walioachia kazi njiani na sasa wameipata tena. Msemaji alipiga kelele kwa lugha yake na kila mmoja alimwelewa. Pengo la pointi likapungua, likaisha, na zikiwa zimebaki sekunde chache huku timu zikiwa sare, Mlingoti alisukumwa akiwa hewani akapewa mitupo miwili ya adhabu.

Mtupo wa adhabu hurushwa na mtu mmoja peke yake. Wote walikuwa wachezaji wa kulipwa na sheria waliijua, kwa hiyo walirudi ndani ya jezi, hata bega. Mlingoti akasimama kwenye mstari na mikono yake mwenyewe na goti lake mwenyewe, ambalo liliuma. Mtupo wa kwanza uligonga pete ukatoka. Akauomba mpira tena, akaudundisha, akatupa. Uliingia bila kugusa chuma.

Ukumbi ulilipuka. Wachezaji wenzake walimbeba, kazi isiyokuwa ndogo. Mlinzi mwenye maneno mengi alikuwa analia na kudai ni jasho. Simu ya Mlingoti iliita ndani ya begi la Mama Jezi, naye akaipokea kwa niaba yake.

"Ndiyo, mama. Ameshinda. Ndiyo, msimu umeisha, amemaliza. Hapana, hakimbizwi, anabebwa. Mwambie jirani, mwambie hata sasa hivi."

Medali zilizoletwa ziliwatosha wachezaji waliosajiliwa tu. Mlingoti alipovishwa yake, wale watu walitoka tena kwenye jezi, na medali ikapita kifua hadi kifua, kila mmoja akikaa nayo kiasi alichoona kinatosha. Bega walilivalisha kwa uangalifu. Mpigapicha aliwaambia wasogeane.

Upande wa pili wa uwanja meneja alikuwa akiongea na waandishi wa habari.

"Watu walitulaumu kwamba tunabadilisha wageni ovyo," alisema. "Leo faida yake mmeiona kwa macho yenu. Msimu ujao tutabadilisha mara nyingi zaidi. Tumeagiza jezi ya kitambaa kizito na sindano za ngozi." Waandishi waliandika. Mmoja aliuliza kama Mlingoti ataongezewa mkataba, na meneja akasema kwamba mchango wake utabaki klabuni.

Watu walianza kutoka. Wachezaji wenyeji walikwenda kwenye sherehe, wakamwambia Mlingoti awafuate, akasema anakuja. Alikuwa hajawahi kuona kinachofuata baada ya mchezo wa mwisho. Kinachofuata, aliona, ni kwamba mafundi wanashusha vikapu kwa mashine, wanaviringisha mazulia, wanakunja viti safu kwa safu. Aliokota kiti kimoja akakikunja. Wale watu wengine nao hawakuwahi kuona, hivyo walikaa, na baada ya muda wakaanza kusaidia, medali ikiwa shingoni mwa wa kifundo.

Msimamizi wa ukumbi alikuja na funguo.

"Jamani, mchezo umeisha."

"Tunajua," alisema Mlingoti.

"Sasa mnangoja nini?"

"Hatungoji. Tunautazama mwisho."

Msimamizi aliwatazama wote, kisha akaenda kuanza kufunga upande wa pili.