Ufunguo wa Jirani

Mzee Sjoerd keshakata tiketi ya Surinam, keshachomwa sindano ya homa ya manjano, hata chandarua kimo begini. Kilichobaki ni mtu wa kumwachia ufunguo, amwagilie maua ya marehemu mkewe, Tjitske, pale dirishani. Na mtu huyo, jamani, hakuwa naye. Mwisho akajikaza, akabisha mlango wa pili, kwa Hilje.

“Samahani jirani, ungenishikia ufunguo?”

“Wa nini tena? Ninao. Tjitske alinipa kabla hajafa.”

“Miaka minne yote? Mbona hukuja?”

“Nije vipi, na hata kahawa hujanialika?”

Sjoerd akarudi kwake, ufunguo mkononi. Akabandika kahawa, akasimama kati ya maua, akijiuliza jirani aliyengoja miaka minne hualikwaje.