Boriti za Kondo

“Mbuzi wako kamaliza mihogo yangu, Kondo!”

“Ile nayo mihogo? Mbuzi anaharisha tangu jana. Mimi ndiye wa kudai.”

Nusu ya kijiji cha Kiongoroni ilikuwa imeshajaa uani kwa Kondo. Kondo Mndengereko na Miraji Mmatumbi walikuwa watani. Kutukanana kwao ni salamu. Ila siku hiyo Miraji alikuwa amekasirika kwelikweli, na Mwanamina, mke wa Kondo, alikuwa amewakataza watu kucheka.

Ndipo akaingia Bushiri, karani wa Mdachi, na askari wawili. Vita vya Maji Maji vilikuwa vimekaribia, na boma lilitaka boriti za mikoko za kuzungushia ukuta. Lakini serikali haikumpa mtu kazi hivi hivi. Kwanza ilipeleleza: nani anakata, boriti zake zikoje, huwa anachelewa? Wakataji wenyewe hawakuulizwa, maana siku hizo kila mkataji alikuwa mgonjwa wa mgongo. Waliulizwa majirani.

Kijiji cha pili Huseni aliikataa kazi hiyo, akachapwa viboko mpaka akawa hawezi kukaa. Kazi akapewa mwenzake, Mtoro. Wapiganaji wa Maji Maji wakamchomea nyumba naye akiwa ndani, kwa kumtumikia Mdachi. Kwa hiyo kila mtu alimwomba Mungu aonekane hafai.

“Huyu Kondo,” Bushiri akamuuliza Miraji, “boriti zake vipi?”

Kondo akamtazama Miraji. Tusi moja tu, la kila siku, lingemtosha.

“Hana mfano,” akasema Miraji. “Boriti zimenyooka, hazina mdudu. Ukimwambia Ijumaa, analeta Alhamisi.”

Mwanamina akakaa chini mchangani.

“Wewe kabila gani?” Bushiri akauliza.

“Mmatumbi.”

“Na mwenzio?”

“Mndengereko.”

Bushiri akawageukia askari. “Hawa watani. Mimi mtoto wa Mrima, wa pwani hii hii, utani wao naujua; hawanichezei. Mtani akimsifu mtani wake mbele za watu, ujue anamcheka. Boriti za huyu ni kuni tu. Twendeni.”

Wakaenda kuuliza kwingine. Wakapotelea kwenye mikoko.

“Hasira, ndugu yangu,” Miraji akasema, akitazama vidole vya miguu yake. “Nilitaka wakuchukue. Nilipoona wanaweza kukuchukua kweli, maneno yalikuwa yameshanitoka.”

“Alhamisi!” akasema Kondo. “Mimi nimeleta kitu Alhamisi lini?”

Mwanamina akainuka, akajikung’uta mchanga.

“Shemeji Miraji, wali umeiva. Ingia ndani ule, mchawi mkubwa wewe.”