Shangazi Chini ya Ukingo wa Saa

Usiku wa kuamkia leo niliota niko ndani ya saa janja, ile ya mviringo niliyoitengenezea orodha ya wageni wa harusi ya mdogo wangu Tunu, inayofungwa leo alasiri. Mpokeaji wageni ataivaa mlangoni na kupandisha majina kwenye kioo kwa kuzungusha kigurudumu. Jina likifika katikati, mwenyewe anaingia. Kazi hiyo niliifanya bure, na kwa majivuno mengi.

Sasa wageni wamo humu wenyewe, wamepangwa mmoja juu ya mwingine kama sahani kabatini. Aliye katikati ni mnene, anang'aa. Anayekaribia ukingo anasinyaa.

"Usinisogeze," ananiambia Mjomba Kibwana, ambaye yuko katikati. "Hapa suti imenikaa."

"Mjomba, chini yako kuna watu."

"Hakuna mtu," kinajibu kigurudumu cha ubavuni mwa saa. Kimevaa kofia, na kina meno madogo pande zote. "Sheria uliyoniandikia mwenyewe: asiyeonekana kwenye kioo bado hajaumbwa. Jino langu moja, mgeni mmoja. Nizunguke?"

"Zunguka, tafadhali."

Mjomba anapanda, anasinyaa, anatoweka na suti yake huku akilalamika. Chini anaumbwa jirani yetu Bi Mwaka, na swali lake la kwanza duniani ni kama pilau limeiva.

Tunazunguka mpaka kigurudumu kinagoma. Chini kabisa, palipopinda ukingo, kuna jicho moja na nusu ya mtandio. Jicho hilo nalijua.

"Shikamoo, Shangazi."

"Marahaba. Sikulidhani hili, mwanangu. Nimekukosea nini hata ukanizika wima?"

Shangazi Mwanaidi ndiye mkubwa wa ukoo, na kwetu mkubwa husema mwisho. Basi kwa heshima zote nikamwandika wa mwisho. Kisha, kwa ubahili wangu wa nafasi, sikuacha hata upenyo chini yake wa kumsukuma hadi katikati. Kioo cha pembe nne kingemsamehe. Hiki cha mviringo kimemkata.

Ghafla ni sebuleni kwetu Pangani, ingawa kuta bado ni za mviringo. Tunu amekaa nyuma ya pazia, mkono ameutoa nje. Kwetu bibi harusi hatoki mpaka shangazi amshike mkono. Upande wa bwana harusi wameshaanza kuvaa viatu.

"Dada, mkono umekufa ganzi," anasema Tunu. "Shangazi amesusa?"

"Hajasusa. Amekatwa."

"Na nani?"

Aibu inanichoma mpaka masikioni.

"Dawa yake ndogo," kinasema kigurudumu. "Awepo mtu mtupu chini yake, asiye na jina, ili naye apate kupanda."

"Nitampata wapi? Wote hawa wana majina."

Kigurudumu kinanitazama mimi.

Nafuta jina langu kwenye orodha na kujikunja, mgongo juu, chini ya miguu ya Shangazi. Kigurudumu kinazunguka jino la mwisho. Shangazi anapanda: jicho la pili, pua, shingo, mikufu yote mitatu. Anafika katikati, anajaa chumba kizima. Vigelegele vinapigwa. Anamshika Tunu mkono, na Tunu analia kwa furaha.

Mimi niko gizani chini ya ukingo, nasinyaa. Hakuna anayeniita, maana sina jina. Kusema kweli naona wivu kidogo, na uzito mwingi, kwani Shangazi si mwanamke mwepesi.

"Nani huyu ninayemkanyaga?" anauliza.

"Nafasi tu, Shangazi."

"Nafasi gani ina mifupa?"

Nikaamka. Jua lilikuwa limeshapanda na simu inalia. Alikuwa Shangazi Mwanaidi, ambaye hajui saa janja ni kitu gani, na ambaye kwa kawaida hupiga simu kukiwa na msiba tu.

"Shikamoo, Shangazi."

"Marahaba, mwanangu. Mgongo haujambo?"