Ruguru Bado Ana Miaka Kumi na Saba

Kila mwaka mwezi wa kumi, Igoki hutia sahihi fomu ya mzazi kwa niaba ya dada yake mkubwa. Fomu huletwa kijijini Kibugu na mtu wa boda boda, ndani ya bahasha ya kaki, pamoja na mzigo wowote mwingine alio nao siku hiyo. Mwaka huu ilikuja juu ya gunia la mbolea. Igoki alikuwa katikati ya shamba la chai, kikapu mgongoni, nailoni imefungwa kiunoni kuzuia umande. Alijifuta mikono akaisoma, ingawa haikuwa na neno jipya. Jina la mtoto: Ruguru Ndambiri. Umri: kumi na saba. Mzazi au mlezi: hapo ndipo pake.

Igoki ana miaka thelathini na minne. Ruguru alizaliwa miaka miwili kabla yake.

Hakuna siri hapo, na hakuna mtu Kibugu anayeuliza. Miaka kumi na tisa iliyopita, shirika moja lilitafuta kijana wa kutoka pembeni mwa msitu wa mlima, akawasemee vijana na wenyeji asilia kwenye mkutano mkuu wa dunia wa tabianchi. Ruguru alikuwa kidato cha tatu, Kiingereza anakijua na haogopi watu. Alipewa dakika tatu. Alieleza habari za chemchemi iliyo juu ya shamba la baba yao, jinsi zamani ilivyojaza ndoo kabla watu hawajamaliza kusalimiana, na jinsi ilivyoanza kusuasua miti ya juu ilipokatwa na mvua ikasahau majira yake. Alilia kidogo. Ukumbi mzima ulisimama ukapiga makofi. Mwenyekiti aliguswa sana, akataka jambo hilo liingie kwenye hati, na likaingia: kabla binti huyu hajawa mtu mzima, chemchemi za mlima ule zitakuwa zimelindwa.

Mwaka uliofuata nchi zote zilikubaliana kuendelea kuijadili sentensi hiyo, na Ruguru akabaki na miaka kumi na saba. Dunia ilikuwa imeahidi, ahadi haikuwa imetimizwa, basi ilibidi yeye angoje. Mwaka wa tatu ikawa vivyo hivyo. Mama yao alidhani ni upungufu wa damu, akamlisha maini na mboga za terere miezi minne, mpaka akachoka akasema basi, mtoto ni mtoto. Baadaye mama alifariki, baba naye akamfuata, na kalamu ya kutia sahihi ikamwangukia Igoki.

Ruguru alifanya mtihani wa kidato cha nne mara tatu, kisha mwalimu mkuu akamwomba kwa upole awaachie wengine dawati. Kwenye dirisha la vitambulisho karani aliangalia cheti cha kuzaliwa, akamwangalia mwenye cheti, akahesabu kwa vidole. "Huyu bado," akasema. "Mrudisheni mwakani." Walimrudisha mwakani mara kumi na tano. Karani alizoea, akawa anawatafutia kiti.

Halafu kulikuwa na Mugendi, waliyesoma naye darasa moja. Huyo alimpenda kweli, tusimsingizie. Alimngoja miaka saba. Alipofika ishirini na mitano watu walianza kumtazama vibaya akipita naye sokoni Runyenjes, na mwishowe yeye mwenyewe akaanza kujitazama vibaya. Alikuja kuaga kama mtu aliyelelewa vizuri, na kilo mbili za sukari mkononi, akaenda akaoa fundi cherehani. Ruguru aliimba kwenye harusi hiyo, safu ya wasichana, wa pili kutoka kushoto. Jioni alirudi nyumbani akaosha vyombo vyote, hata vilivyokuwa safi.

Igoki hakuiamini ile mikutano hata siku moja. Mwanzoni aliogopa kusema, maana kanisani walikuwa wanaiombea. Lakini aliona kwa macho yake. Aliona zile shanga na ile ngozi ya mbuzi ambayo Ruguru huvalishwa kila anapopanda jukwaani. Huku Kibugu watu huvaa sweta na gambuti, na kofia ya sufu kukiwa na baridi. Ruguru aliwahi kuuliza hizo shanga ni za wapi. "Ni za kwenu," akajibiwa, na bei ya duka la Nairobi ilikuwa bado imening'inia kwenye uzi. Aliona pia picha, jamani, picha! Ruguru na rais wa huku, Ruguru na waziri wa kule, kila mmoja amemshika bega kama amemzaa. Hakuna hata mmoja wao aliyewahi kupanda mpaka chemchemini.

Mwaka huu Ruguru alipoona bahasha aliketi chini, kwenye njia iliyo kati ya mistari ya chai.

"Nimechoka kuwa mtoto," akasema.

Hakuwahi kusema hivyo. Igoki alitua kikapu.

"Wawira mwakani tutalingana," Ruguru aliendelea. Wawira ni binti wa Igoki, yuko kidato cha tatu, na humwita Ruguru tata, kama watoto wa huku wanavyomwita dada ya mama. "Mtoto niliyembeba mgongoni. Juzi ameniambia, tata, sketi yangu ikikubana nitakupa ya zamani."

"Basi usiende."

"Nisipoenda, na chemchemi?"

Igoki alimshika mkono wakapanda wote mpaka juu, dakika ishirini, na jagi la plastiki. Waliliweka pale maji yanapotokea. Wakasimama. Wakaulizana habari za mume wa Igoki aliyeko Meru, anayeuza viazi sokoni Gakoromone, wakaulizana habari za ng'ombe, za kwaya, za jirani aliyevunjika mguu. Walipochungulia, maji yalikuwa yamefunika chini ya jagi tu.

"Haya niambie," Igoki alisema. "Hayo unayoyalinda ni maji gani?"

Ruguru aliyamimina palepale yalipotoka, wakateremka. Igoki hakutia sahihi.

Baada ya wiki mbili Gitobu alikuja mwenyewe. Gitobu ni mtu wa Meru, afisa wa lile shirika. Alianza kazi akiwa kijana mwembamba wa kubeba mabango, sasa ana kitambi na miwani mbili, moja ya kusoma. Hana ubaya. Kila akija huleta mkate na huuliza majina ya watu waliougua.

"Mama Wawira," alisema baada ya chai, "ile fomu bado sijaiona."

"Haitakuja. Dada yangu haendi."

"Watu watauliza. Yeye ndiye sauti ya vijana."

"Bwana Gitobu, wakati mnamchukua ulikuwa na nywele."

Gitobu alijipapasa kichwa, akakubali kwamba ni kweli. Alieleza kwa utaratibu, kama mtu aliyewahi kueleza mara nyingi. Ile sentensi ilikuwa aya ya arobaini na moja, ndani ya mabano. Maana ya mabano ni kwamba bado inajadiliwa.

"Itolewe kwenye hati basi," Igoki alisema.

"Haiwezi kutolewa mpaka nchi zote zikubaliane."

"Na itekelezwe?"

"Hiyo pia mpaka zikubaliane."

Ruguru alikuwa amekaa kwenye kigoda karibu na mlango, anachambua maharagwe. Aliuliza, bila kuinua kichwa, kama kuna mtu kwenye hizo nchi zote anayejua bado ana miaka kumi na saba.

"Wanajua," Gitobu alisema. "Wanafurahi sana kukuona hujabadilika. Wanasema unawapa tumaini."

"Haki ya Mungu," Igoki alisema, akaondoa vikombe.

Gitobu hakukasirika. Aliaga, akatuma pole kwa jirani aliyevunjika mguu, akaingia garini. Fomu ilibaki juu ya meza, na Igoki akaifunika kwa chombo cha chumvi.

Mkutano ulianza Jumatatu bila Ruguru. Siku hiyo alichuma chai kama kawaida. Jumatano asubuhi aliamka ameshika shavu, akashindwa kutafuna githeri, mahindi na maharagwe ya jana. Igoki alinawa mikono kwa sabuni, akamfungua mdomo mlangoni kwenye mwanga, akapitisha kidole nyuma kabisa. Ufizi ulikuwa umevimba, na katikati ya uvimbe kulikuwa na kona ndogo, ngumu.

"Ruguru," alisema. "Unaota gego."

Lilikuwa gego la mwisho, lile linalowaota watu wakishakuwa wazima. Igoki alikuwa nayo yote manne tangu Wawira anajifunza kutembea.

Ajabu ya furaha iliyoingia nyumba ile! Ruguru alilia kwa maumivu na kucheka kwa pamoja, na alipoletewa dawa ya kutuliza alikataa, anataka ayasikie yote. Alhamisi uso ulikuwa umevimba upande mmoja. Alikaa jikoni na kitambaa cha maji moto shavuni, akihesabu mambo atakayofanya. Atapata kitambulisho. Ataingia kikundi cha akina mama kanisani, kwani amechoka kuimba na watoto wanaokosea sauti ya tatu. Atapata mtu, hata mjane mwenye watoto, hachagui.

"Na nataka kunenepa," alisema. "Ninenepe hapa mikononi kama mama. Nikimpungia mtu, mkono uendelee kutikisika."

"Utanenepa mpaka utuombe tukusukume mlima," Igoki alimwambia.

Usiku Igoki alimwambia Mungu asante, kwa sauti, kitu ambacho hakuwa na mazoea nacho.

Ijumaa mchana walikuwa wanamenya viazi, wote watatu, Wawira akiwa amefunga shule na simu imeegemezwa kwenye sufuria. Ilikuwa siku ya kufunga mkutano na Wawira alitaka kuona tata atakavyokosekana. Kulikuwa na vijana wengi ukumbini, wa nchi nyingi, wamevaa manyoya, shanga na ngozi, na nyuso za watu waliokosa usingizi. Mwenyekiti wa mwaka huu alisema ana huzuni kwamba binti wa mlima hakuweza kufika. Kisha taa zikapunguzwa.

Ruguru akatokea kwenye kioo kikubwa nyuma ya jukwaa. Ilikuwa hotuba yake ya kwanza kabisa, ya miaka kumi na tisa iliyopita. Ndoo ilijaa kabla watu hawajamaliza kusalimiana. Alilia kidogo, mahali palepale. Ukumbi wote ulisimama ukapiga makofi, na baadhi ya wale vijana nao wakalia. Walipokaa, mwenyekiti aliuliza kama kuna pingamizi, hapakuwa na pingamizi, na aya ya arobaini na moja ikapelekwa mwakani.

Wawira alizima simu. Kiazi alichokuwa anamenya Ruguru kilikuwa kimebaki kidogo sana, maana alikuwa ameendelea kumenya.

Igoki alitoka nje penye mtandao wa simu akampigia Gitobu.

"Mimi sikutia sahihi," alisema. "Nani aliwaruhusu?"

"Mama yenu," Gitobu alijibu. Alikuwa anaongea kwa sauti ya chini, nyuma yake kuna sherehe. "Fomu ya kwanza. Aliweka dole gumba. Ilisema picha na sauti ya mtoto zitumike popote, na haikuandikwa mwisho."

"Mama hakujua kusoma."

"Najua, Mama Wawira. Mimi ndiye niliyemshika kidole. Niamini, hata mimi si jambo ninalolipenda. Lakini imesaidia. Walisema bila ile video ingekuwa mkutano mkavu."

Igoki alikata simu. Aliporudi ndani alikuta viazi vimewekwa jikoni na Ruguru ameketi, ulimi unatafuta kitu nyuma ya mdomo.

Jumamosi uvimbe ulishuka. Jumapili Ruguru alikula githeri, akakaa kanisani na wasichana. Jumatatu asubuhi, kabla ya kwenda kwenye chai, alikuja mwenyewe kwa Igoki akafungua mdomo. Igoki alinawa mikono, akapitisha kidole nyuma kabisa, upande wa kulia, kisha upande wa kushoto asije akawa amesahau ni upi. Ufizi ulikuwa laini kama wa mtoto.

"Limerudi," alisema.

"Nilijua. Halikuuma jana."

Walichukua vikapu wakaenda. Walichuma mistari miwili. Kwenye mstari wa tatu magoti ya Igoki yalianza kumsumbua, kama yalivyoanza mwaka jana, akasimama akashika kiuno. Ruguru alikuwa mbele yake, mikono inakwenda haraka, majani mawili na chipukizi, majani mawili na chipukizi, mgongo umenyooka.

"Ruguru. Nikifa mimi, nani atakuwa mzazi wako?"

Ruguru alifikiri bila kuacha kuchuma.

"Wawira."

"Na Wawira akifa?"

Hapo Ruguru aliacha kuchuma. Aligeuka, na Igoki akaona kwamba swali hilo dada yake alikuwa amekwisha kujiuliza zamani, labda mara nyingi, na hakutaka mtu mwingine alibebe. Igoki alishindwa kujizuia. Alilia pale katikati ya chai, mama mzima, kwa sauti, majirani wa ng'ambo wakainua vichwa.

Ruguru alirudi mpaka alipokuwa Igoki. Alifungua leso aliyojifunga kichwani, akamfuta mdogo wake machozi, akampangusa na kamasi, akamwambia nyamaza sasa, nyamaza, lori la majani linafika saa nane na hata nusu kikapu hujafikisha.