Shiso Nyekundu ya Mama Mkwe

Siku ile tangu alfajiri sikukaa chini. Nilifagia ua, nikafungua madirisha, nikayafunga kwa sababu ya joto, nikayafungua tena. Wifi yangu Hatsue alikuwa anamtoa mama mkwe hospitali, na siku hiyohiyo mama angeamua: abaki hapa nami, au afuatane na bintiye Osaka. Tangu mume wangu Kenzo afariki tulibaki wawili tu, mimi na mama. Hatukugombana, wala hatukuambiana la moyoni. Akiondoka, mimi ningekuwa nani katika nyumba hii? Wazo hilo lilinitia hofu kubwa.

Nikaona nimlainishe kwa sharubati ya shiso. Kila kiangazi mama huchemsha yale majani mekundu yanayonukia kama mrehani, huyachuja, hutia sukari, kisha siki. Siki ikigusa tu, yale maji meusimeusi hugeuka mekundu ya kung'aa, na yeye hucheka peke yake jikoni. Mimi huwa nafukuzwa nikaoshe vyombo.

Nilikuwa nachuma majani bustanini wakati jirani yetu Kinue alipochungulia juu ya ua.

"Chizuru, shoga, hiyo ndiyo shiso?"

"Kwani unaona mchicha?"

"Afadhali ungekuwa mchicha! Mbona imepauka hivyo? Ya mama mkweo Toyo huwa nyekundu mpaka inataka kuwa nyeusi." Akakodoa macho. "Hebu niambie, nani alipanda shiso ya kijani hapo mwaka jana?"

"Mimi. Ya kulia na tofu ya soya. Kuna ubaya gani?"

"Makubwa! Hizo mbili hazikai jirani, mama wee. Nyuki wamezichanganya, mbegu zimedondoka, zimeota, na sasa una chotara. Na Toyo mbegu ile anaitunza tangu alipoolewa hapa!"

Nilichemsha hivyohivyo, maana ningefanya nini? Nikatia siki. Rangi ikaja ya waridi iliyochuja, kama maji ya kusuuzia leso. Nikaongeza siki, nikaongeza tena. Nilipoonja, meno yaliingia ganzi. Nilivaa kandambili niende kuomba majani kwa Kinue, lakini gari lilikuwa limeshasimama mlangoni.

"Wifi, mbona nyumba nzima inanuka siki?" Hatsue alisema kabla hata ya salamu.

Tulimketisha mama barazani. Nikamletea bilauri yenye barafu. Hatsue akacheka.

"Hii nini tena? Mama, usijitese. Osaka tunanunua ya chupa, nyekundu kabisa."

Mama akanywa. Uso ukamkunjamana. Akanywa tena, akiitazama bustani. Nikashindwa kuvumilia.

"Mama, nimeharibu. Mwaka jana nilipanda ya kijani kando ya yako. Mbegu yako imepotea. Sikujua."

"Nilikuona," akasema. "Umechuchumaa pale na jembe dogo. Nilikuwa dirishani."

"Ulijua zitachanganyika?"

"Nilijua kabla hujazaliwa."

"Sasa mbona hukunikataza?"

Aliizungusha bilauri mkononi.

"Tangu Kenzo atutoke, ulikuwa hujatia hata mbegu moja katika udongo huu. Kila asubuhi nilikuwa nasikiliza kama unafunga mizigo. Siku ile nikasema, ahaa, huyu amepanda, basi hendi popote. Ningekukataza vipi?"

Hatsue alifungua mdomo, mama akamwahi.

"Hatsue, nenda kashushe mabegi yangu garini. Yote, na lile blanketi." Kisha akanigeukia. "Na wewe, hii ongeza sukari. Siki umeimwaga kama mtu mwenye ugomvi nayo."

Nikainuka mbio kuichukua bilauri. Akanishika kiwiko.

"Baadaye. Kaa kwanza."

Nikakaa.