Gololi Haikai Chini

...na hii gololi nayo haitaki kukaa chini, imening'inia tu katikati ya kile kijibomba cha kioo cha mashine ya kupima uvujaji, inapanda kidogo, inashuka kidogo, lingekuwa gari zima hili mashine ingelijaza moshi tanki na mabomba yake yote, msukumo ungetulia, gololi ingelala chini kimya na mimi ningenyanyuka nimrudishie Mwalimu funguo zake, lakini imening'inia, maana yake moshi unaingia na mahali fulani unatoka, tundu dogo, dogo la kukera, la ncha ya sindano, nami nimelala chali kwenye kibao cha magurudumu, tochi mkononi, oili inanidondokea shingoni sijui kutoka wapi, namulika mpira mmoja baada ya mwingine, bomba la kujazia, kopo la mkaa linalonyonya mvuke wa petroli, maungio ya tanki, natafuta uzi mwembamba wa moshi, sioni kitu, ile valvu ya kupumulia nimeifunga? nimeifunga, nimesikia ikigonga, hilo ni kosa la wanaoanza, kuiacha wazi halafu moshi ukimwagika hapo unashangilia umepata, mimi sianzi leo, miaka kumi na tisa chini ya magari... na Mwalimu anaongea, amekaa kwenye benchi la wateja alilolivuta mwenyewe hadi karibu na gurudumu la nyuma ili nimsikie, mimi ninachoona ni miguu yake tu, na viatu, vyote vyeusi lakini kimoja kina kifungo na kingine hakina, ametoka nyumbani hajajitazama, mwanamke aliyefundisha nusu ya mtaa huu kufunga kamba za viatu, "...unisamehe, fundi, uliniambia nisiache tanki lishuke, nijaze kila mara, nami nilikuwa najaza, kweli nilikuwa najaza, ila wiki hii ya kwenda na kurudi hospitali nikasahau, likafika nusu, ile taa ya injini ikawaka tena," ananiomba mimi msamaha, ee Mungu wangu, yeye ndiye anayeniomba mimi msamaha.

Kwa sababu gari halijipimi tanki likiwa limejaa, hilo kila fundi anayeshika kompyuta analijua na hakuna mteja anayelijua, gari linangoja petroli ishuke, injini ipoe kabisa, ndipo linajifungia pumzi na kusikiliza kama kuna mvuke unaovuja, likisikia tundu linawasha taa, sasa wewe ukiifuta taa kwa kompyuta na kumwambia mtu ajaze, ajaze, asiache lishuke, taa haiwaki, mteja anakushukuru na tundu liko palepale, ni ujanja wa gereji, tunaufanya, tunacheka, fundi umeme ameupa jina kabisa, anauita dawa ya kujaza, nami nilimpa Mwalimu dawa ya kujaza, wiki tano zilizopita, asubuhi kweupe, akili zangu timamu... na tanki likijaa ndio kunavuja zaidi, tundu likiwa huku juu petroli yenyewe inalifikia, inalowa, inachuruzika, nilijua, mdomo wangu ukisema "jaza tu, Mwalimu, litakaa sawa" kichwa changu kilikuwa kinajua, lakini ningesema nini, alikuja na neno moja tu, "nasikia harufu ya petroli, fundi, nikiliegesha kwenye banda nasikia harufu mpaka ndani," na wote wakanigeukia, mwenye gereji, fundi umeme, mteja mmoja wa gari jeupe, Pua yupo, Pua atatuambia, maana mimi ndiye Pua, sina jina jingine hapa, nilibatizwa hivyo mwaka wangu wa tatu nilipopita kando ya lori lililozimwa nikasema tu bila kusimama kwamba linavuja dizeli upande wa kushoto, wakafungua wakakuta ni kweli, tangu siku hiyo nimevishwa kilemba cha ukoka nami nikakivaa, mtu anatoka mtaa wa mbali anasema nimeambiwa kuna fundi hapa ananusa tu... nikainama, nikafumba macho, nikavuta pumzi mara tatu kama kawaida yangu, na sikusikia kitu, sikusikia petroli, sikusikia chuma, sikusikia hata jasho langu, kama navuta hewa ya ndani ya chupa tupu, huu ni mwaka wa pili sisikii harufu yoyote duniani.

Ile homa, mafua ya siku nne tu, wengine walipona na mimi nikapona, kila kitu kikarudi isipokuwa hicho, mwanzoni nikasema kitarudi, mke wangu akaacha maharage jikoni akaniambia nitazame, nikakaa meza ya pembeni mpaka moshi ukajaa chumba kizima, "hukusikia yanaungua?" nikasema nilikuwa kwenye simu, na simu yenyewe ilikuwa chumbani inachajiwa, aliiona, akaanza kukwangua sufuria... na mama alipofariki, dada yangu alinipa kitambaa chake cha kichwa, hakijafuliwa, akaniambia nusa, bado yumo humu, nikakiweka usoni na hakikuwa na kitu, kitambaa tu, nikalia na wote wakadhani nalia kwa sababu yumo, nilimkosa mama mara mbili siku ile na sikuweza kumwambia mtu, kwa sababu nikimwambia mmoja itafika gereji, na hapa gereji mimi ni pua, ukiiondoa hiyo pua kinabaki nini, mwanamume wa miaka hamsini na moja mwenye goti bovu... basi nikajifunza kudanganya, si kazi ngumu, unainama, unafumba macho, halafu unamuuliza mteja kwa upole, "wewe unaisikia zaidi wapi?" naye anakuonyesha kwa kidole, unatikisa kichwa kana kwamba amekukuta hukohuko, mbona rahisi, mwaka wa pili huu nanusa kwa pua za wateja wangu, lakini siku ile Mwalimu hakunyoosha kidole, aliona nimenyamaza muda mrefu, akacheka akasema, "au ni mimi tu, fundi, pua ya kizee," akanifungulia mlango wa kutorokea nami nikapita mbio, nikasema hakuna kitu, Mwalimu, ni mfuniko wa tanki ulikaa vibaya, nikaukaza, krr krr krr, nikafuta taa, wote wakarudi kazini.

"Pua! Ukitoka huko chini pita hapa unisaidie, hii inanuka waya au mafuta?" ni fundi umeme huyo, namjibu nakuja, sauti inatoka sawa kabisa, sauti yangu ina uzoefu... gololi palepale, inapanda nywele moja, inashuka nywele moja, niongeze moshi? hapana, ukizidisha msukumo unapasua mipira mizima, ngoja, lazima kungoja tu, kazi hii haina njia ya mkato, ajabu kulisema hilo mimi... "...na hicho ndicho kinachonichanganya, fundi," Mwalimu anasema, anaongea ili asilie, nimemsikia tangu alipofika, anamwongelea mume wake, yule mzee aliyekuwa karani wa mahakama, mwenye suti hata Jumapili, kiharusi kilimlaza mwaka jana, mkono na mguu wa kulia na ulimi, hasemi, ana sauti moja tu, aa, ya ndiyo na ya hapana na ya maji, "kwa sababu nyumbani anatapika, kichwa anakishika hivi, analala mchana kutwa, nikimwamsha ananitazama hanijui, nampeleka wodini, siku mbili tu, anachangamka, anakula, anataniana na manesi kwa macho, nikamwambia we mzee una lako, wodini kijana nyumbani maiti, wakamruhusu, nikamrudisha, siku ya tatu amezima tena, nimempeleka mara mbili, fundi, mara mbili, nikasema basi amenichoka mimi."

Anacheka, na kicheko kinakatika katikati. Mimi tochi imesimama mahali pamoja, sijui tangu lini, inamulika kipande cha bodi kilichoshika kutu... mara mbili, anapona wodini anazima nyumbani, anapona, anazima, "chumba chake ni kipi, Mwalimu?" nimeuliza mimi hivyo? ni mimi, sauti imetoka chini ya gari, "si kilekile, kinachofungukia bandani, nyumba nzima ni ngazi isipokuwa hicho, na nilikichagua ili iwe rahisi kumwingiza garini, na simwachi peke yake na upepo, ile harufu uliyosema si kitu nilishaizoea, nafunga dirisha, unajua wagonjwa na baridi," nafunga dirisha, anasema, mlango wa bandani una uwazi chini, nimewahi kuuona nilipokwenda kumsaidia betri, unapitisha vidole vinne, gari limejaa tanki mpaka shingoni kwa maelekezo yangu, linatokwa na mvuke usiku na mchana, mvuke wa petroli mzito, unatambaa chini kwa chini, unaingia, unamkuta mzee kalala, hawezi kunyanyuka, hawezi kusema mke wangu hapa kunanuka, ana aa peke yake... "na kuna kitu alikuwa anafanya," anasema, "anavuta shuka mpaka puani kwa ule mkono mzima, nikija namshusha nikidhani anataka kujificha nisimwone, nikamgombeza, fundi, nilimgombeza, nikasema mimi mkeo unanifichia uso?"

Sitaki kusikia zaidi, nyamaza Mwalimu, tafadhali nyamaza, na zile wiki zote yeye mwenyewe amelala chumba cha juu, mvuke haupandi ngazi... sasa hebu fikiri, wewe Pua, fikiri kama mtu, nikilipata tundu hili nikabadilisha mpira, gololi ikalala, nikamwambia kesho asubuhi gari lake ni zima, mzee atarudi nyumbani, hatavuta mvuke tena, atapona, na hakuna atakayejua, si ndiyo, kila mtu atabaki na chake, yeye mume wake na mimi jina langu, dhambi yenyewe itaisha kimyakimya kama ilivyoanza, mbona inawezekana, naona kabisa inavyowezekana, nakaza skrubu moja tu nami nimevuka... "kesho saa mbili wanamchoma sindano ya uti wa mgongo," anasema Mwalimu, "wanasema maji ya kichwani yamejaa au kuna kitu, hawajui, wamemsimamishia ile dawa ya kufanya damu iwe nyepesi, leo siku ya tatu, ili asivuje damu wakimchoma, daktari amenieleza, ameniambia mama, bila ile dawa kiharusi kinaweza kurudi, ni kubahatisha, lakini tutafanyaje, lazima tujue ana nini, nimetia sahihi," nimetia sahihi, anarudia, na kiatu chenye kifungo kinakanyaga kile kisicho nacho.

Siku tatu bila dawa, na wanachokitafuta kwenye mgongo wa mzee kiko hapa, juu ya uso wangu, hakijai hata kwenye ncha ya sindano yao, na anayekijua ni mtu mmoja tu katika mji mzima naye amelala chali anamulika kutu, si kesho nikimaliza, si nikishapata tundu, sasa hivi, kila saa ninayokaa hapa chini damu ya mzee inazidi kuwa nzito, na mimi nilikuwa nimeanza kujihesabia kwamba nimevuka, nilikuwa napanga, Mungu anajua nilikuwa nimeshapanga na uso nitakaomwekea kesho... jina langu, jina gani, pua isiyonusa, hata mbwa wa mlinzi ananishinda, jambo la kipuuzi namna hii nimelilinda kuliko mtu, nasukuma kibao kwa visigino, mwanga wa mlangoni unanipiga machoni, uso wa Mwalimu unatokea juu yangu kichwa chini miguu juu, mdogo kuliko nilivyoukumbuka, anadhani nimemaliza, "umelipata?" na mimi bado nimelala sakafuni, nadhani nikisimama sitasema, "sijalipata, Mwalimu, piga simu wodini, uwaambie wasimchome, uwaambie amekuwa akivuta mvuke wa petroli chumbani wiki tano, wampe dawa yake, piga kwanza halafu nitakueleza," ananitazama, hashiki simu, "lakini wewe ulinusa, fundi, ulisema hakuna kitu," na kule upande wa pili spana ya fundi umeme imenyamaza, anasikia, na asikie, "sikunusa, Mwalimu, mimi sisikii harufu, mwaka wa pili huu, nilikudanganya, na ile ya kujaza tanki ilikuwa taa isiwake tu," nimesema, yametoka, na hakuna kilichoanguka, mashine inaunguruma vilevile, gololi imening'inia vilevile, nangoja Mwalimu anipige, nangoja anitukane mbele ya wote, ningefurahi, lakini anasema polepole, kama anasoma ubaoni maneno aliyoyaandika mwenyewe zamani, "kwa hiyo alikuwa anaziba pua... alikuwa ananiambia," kisha vidole vyake vinaanza kutafuta simu kwenye mkoba, vinaikosa, vinaipata, anaiweka sikioni na kunipa mgongo, na mimi sinyanyuki, naisikia kutoka hapa chini simu ya wodini ikiita, inaita, inakatika, anabonyeza tena, inaita...